Nishani ya Babu: Soma Maandishi Kabla ya Kuuamini Utepe

Baba mkubwa alipofariki, nilikabidhiwa kopo la biskuti lenye vyeti vya ubatizo, stakabadhi za kodi ya kichwa na nishani moja ya mviringo ambayo hakuna mtu nyumbani aliyejua asili yake. Tulichojua ni kwamba babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Kwa kuwa ilikuwa na picha ya simba, binamu yangu alishikilia kwamba ilitoka kwa Mfalme Haile Selassie; nami, kwa pupa ya kutaka kuona vizuri, nikaisugua kwa majivu na ndimu. Kosa hilo sitalirudia, kwa sababu weusi uliojikusanya kandokando ya herufi kwa miaka mingi ndio unaozifanya zisomeke. Ukipata nishani usiyoijua, iache ilivyo, iweke karibu na dirisha ili mwanga uipige kwa ubavu, kisha upige picha pande zote mbili pamoja na ukingo wake.

Anza na maandishi. Yangu yaliandikwa GEORGIVS VI, na hiyo V ya katikati si makosa ya mchongaji, kwani ndivyo Kilatini kinavyoandika U. Huyo ni George wa Sita wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1936 hadi 1952. Mbele kidogo palikuwa na INDIAE IMP, yaani Kaisari wa India, cheo alichokiacha baada ya India kupata uhuru mwaka 1947.

Baada ya hapo, mtazame simba ana nini na amekanyaga nini. Simba wa Yuda wa Ethiopia hubeba fimbo yenye msalaba. Huyu wetu alikuwa amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, na miaka 1939 na 1945 imeandikwa juu yake. Hiyo ni Nishani ya Vita ya Uingereza, iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, ingawa sonara mmoja aliniapia kwamba ni fedha tupu.

Ukingo haukuwa na jina, jambo lililonitia shaka bure. Nishani za Uingereza za Vita ya Kwanza huwa na namba, cheo na jina la askari ukingoni, lakini za Vita ya Pili kwa kawaida zilitolewa bila jina. Vilevile, usikimbilie kuhitimisha kwamba mwenye nishani hii alipigana Burma, kwa maana ilitolewa kwa mwanajeshi yeyote wa kudumu aliyetumikia siku 28, popote alipokuwa. Aliyefika Burma alipewa nyota ya pembe sita yenye jina la nchi hiyo.

Utepe ndio uliotupoteza zaidi. Wetu una rangi ya moto katikati na kijani pembeni, na kila kijani kimepitiwa na mstari mwembamba mweusi, ukumbusho wa miji iliyozima taa usiku kwa kuhofia ndege za adui. Huo ni utepe wa Nishani ya Ulinzi, nishani nyingine ya Uingereza ya vita hivyo hivyo. Wa Nishani ya Vita ni mwekundu, buluu na mweupe. Shangazi anakumbuka bibi akishona shona vitu vya babu kabla ya sikukuu. Sijaubandua utepe huo, maana huenda ndio mabaki pekee ya nishani ya pili.