Ukisifiwa Kazini, Angalia Kinachofuata

Mwaka wangu wa pili katika nyumba ya kutunzia wazee, hapa karibu na Frankfurt, nilisifiwa kuliko nilivyowahi kusifiwa maishani. "Wewe una moyo." "Wazee wanakupenda." Mwenzetu akiugua, simu ilikuja kwangu kwanza, nami kwa kuwa nilishaitwa mwenye moyo, niliona haya kukataa. Desemba nikapewa boksi la chokoleti. Saa zangu za ziada hazikuandikwa popote.

Aliyenifumbua macho ni Axel Honneth. Mwanafalsafa huyu alizaliwa Essen mwaka 1949, na kuanzia 2001 hadi 2018 aliongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii papa hapa Frankfurt. Jina lake lilikua kwa kitabu cha 1992, ambamo anasema kwamba watu wanapopambana katika jamii hawagombei mali peke yake. Wanagombea kutambuliwa. Mtu anatambuliwa kwa kupendwa na watu wake, kwa kuwa na haki sawa na wengine mbele ya sheria, na kwa mchango wake kuthaminiwa. La kwanza linampa kujiamini, la pili kujiheshimu, la tatu kujiona ana thamani. Sisi tulio ugenini tunalielewa hili upesi, maana la kwanza tumeliacha nyumbani na linatufikia kwa simu tu. Ndiyo maana sifa ndogo ya msimamizi inatuingia hadi mifupani.

Lakini Honneth mwenyewe aliona hatari. Katika makala ya mwaka 2004 alieleza kwamba kuna sifa zinazomfunga mtu pale pale alipo: mtumwa anayesifiwa kwa utii, mama wa nyumbani anayesifiwa kwa kujitolea, askari anayeitwa shujaa. Anayesifiwa anajisikia vizuri, na kwa sababu hiyo haulizi kitu. Utaitambuaje sifa ya kweli? Ile ya kweli, anasema, inaleta mabadiliko yanayoshikika: katika sheria, katika malipo, katika utaratibu wa kazi. Machi 2020, korona ilipoanza kuenea, Wajerumani walisimama kwenye roshani zao wakawapigia makofi wauguzi na watunzaji. Wenzangu waliokuwapo hawayasimulii makofi yale kwa furaha.

Kwa hiyo ndugu yangu unayekuja kufanya kazi hii, nunua daftari. Andika saa uliyoingia na saa uliyotoka, siku hiyohiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Ukiombwa zamu ya ziada, uliza itahesabiwaje kabla hujakubali. Uliza pia kama pana baraza la wafanyakazi. Sheria ya Ujerumani inaruhusu kulichagua penye wafanyakazi watano au zaidi, na kupiga kura hakutegemei uraia. Nyumba za makanisa zina uwakilishi wa namna yao, nao uulizie. Wengi wetu tunadhani mambo hayo ni ya wenyeji. Siyo. Katika kitabu chake cha 2023 Honneth anauliza mtu asiye na sauti kazini atapata wapi nguvu ya kushiriki demokrasia, na mimi nimeona jinsi mtu anavyozoea kunyamaza.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi, kwa sababu safari hii mkosaji nilikuwa mimi. Honneth ameandika kuhusu kumtazama mtu kana kwamba hayupo, akakumbusha kwamba mabwana wa zamani walivua nguo mbele ya watumishi wao bila haya, maana kwao mtumishi hakuwa mtu wa kuonewa haya. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Asubuhi ile nilikuwa nimemwogesha bibi mmoja kitandani, mwenzangu upande wa pili, tukapiga soga kuhusu likizo tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi alikuwa anatazama dari.

Sasa nabisha hodi, namwamkia kwa jina, namwambia ninachotaka kufanya kabla sijamgusa, na soga zinangoja ukumbini. Haiongezi hata dakika mbili. Wiki iliyopita nilikosea kutamka neno la Kijerumani la mto wa kulalia. Akanishika mkono, akalirudia polepole mara tatu, mpaka nikalipata.