Usiondoe heksani kabla hujaweka tokoferoli (kwa anayekoleza omega-3 kwa urea)

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza uwiano wa urea, joto la kugandishia, kama utumie asidi huru au esta za ethili, na namna ya kurudisha mafuta kuwa trigliseridi ukimaliza. Lakini katikati ya maelezo yako umeandika kwamba vitamini E (yaani tokoferoli) utaiweka mwisho kabisa, ukishapima uzito wa ulichopata. Hapo ndipo mzigo wako utakapoozea. Kosa hilo limenigharimu bechi nzima, kwa hiyo nitalisema hadi unichoke.

Fikiria unachoyafanyia mafuta yako. Unayachemsha na alkali ili trigliseridi zivunjike, maana urea haiwezi kushika trigliseridi yenye mikono mitatu. Kisha unasuuza ile sabuni kwa heksani, kiyeyushi cha mafuta, ili kutoa visivyogeuka sabuni: kolesteroli, rangi, vitamini A na D. Tokoferoli nazo ziko humo humo! Hata kama lebo ya mafuta ghafi inasema yameongezwa vitamini E, kinga hiyo umeimwaga pamoja na heksani ya kwanza. Ukitia asidi, unachopata ni asidi huru za mafuta, ambazo huoksidika upesi kuliko trigliseridi, na hazina hata chembe ya kinga. Halafu kwa urea unaziondolea zile zilizoshiba, ili zibaki EPA na DHA tupu, yaani omega-3 zenyewe. Ni sawa na kumvua mtu nguo zote kisha kumsukuma kwenye mvua.

DHA ina bondi maradufu 6, na katikati yake kuna kaboni 5 ambazo hidrojeni zake zimelegea na hung'olewa kwa urahisi. EPA inazo kaboni 4 za namna hiyo. Asidi ya linoleiki, ile ya mafuta ya alizeti, ina 1 tu. Uoksidishaji huanzia hapo, kwa hiyo usipime kasi yake kwa uzoefu wa mafuta ya kupikia. Hapa tunahesabu saa, si miezi.

Sasa pahali penyewe pa msiba: chupa inayozunguka kwenye utupu ili kuvukiza heksani. Heksani inapoisha, mafuta yamejipaka ukuta mzima wa chupa kama utando mwembamba, yana joto, na hakuna hata mvuke wa kiyeyushi wa kuyafunika. Mtu anafurahi kazi imekwisha, anafungua vali, hewa inaingia kwa kishindo. Kwa tendo hilo moja umeupa oksijeni utando wote kwa pamoja. Baadaye unatafuta mizani, unaandika uzito, unakokotoa kiasi cha vitamini E, na mnyororo wa uoksidishaji umeshaanza. Tokoferoli hupunguza kasi ya mnyororo. Peroksaidi (zao la kwanza la uoksidishaji) iliyokwisha kuzaliwa haiirudishi kuwa mafuta.

Wanaosambaza ule mwongozo wa "kinga ni hatua ya mwisho" wananikera kwelikweli. Wameiga viwanda vya kusafisha mafuta, ambako kinga huongezwa baada ya kuondoa harufu kwa mvuke, ndani ya mitambo iliyofungwa isiyoingiza hewa. Wakaibandika desturi hiyo kwenye kazi ya chupa za kioo na faneli iliyo wazi, bila neno moja la tahadhari. Anayeumia ni anayefuata maelekezo kwa uaminifu.

Kanuni ni hii: hakuna kiyeyushi kinachoondoka kabla tokoferoli haijaingia. Na hufanyika mara mbili, kwa sababu unaondoa heksani mara mbili. Tengeneza akiba mapema: gramu 1 ya mchanganyiko wa tokoferoli (wenye gama na delta kwa wingi, alfa peke yake ikizidi huweza kuchochea uoksidishaji) ndani ya mililita 100 za heksani. Kila mililita ina miligramu 10, hivyo huna haja ya kungoja uzito kamili. Makisio yanatosha.

Kwa gramu 100 za mafuta ya samaki: gramu 23 za hidroksidi ya potasiamu, maji mililita 44, ethanoli ya 95% mililita 264. Chemsha kwa kondensa saa 1 kwenye nyuzi 60 hivi, nitrojeni ikipita muda wote. Ongeza maji mililita 200, suuza mara mbili kwa heksani (hii ndiyo inayoondoka na vitamini zako), kisha tia asidi ya hidrokloriki polepole hadi pH 1. Vuta asidi za mafuta kwa heksani mpya, kausha kwa salfeti ya sodiamu isiyo na maji. SASA weka mililita 9 za akiba, ndipo uvukize, joto la maji lisizidi 40. Ukimaliza, vunja utupu kwa nitrojeni. Ile vali ya hewa ifunge kwa utepe kabisa, mkono usije ukajisahau.

Utapata takriban gramu 85. Uwiano ulioulizia: urea mara tatu ya uzito, yaani gramu 255, ndani ya lita 1.3 za ethanoli ya 95%. Pasha hadi nyuzi 60 au 65, ikishakuwa angavu ondoa motoni. Usiiache ichemke kwa saa nzima, maana urea na ethanoli kwenye joto huzaa ethili kabameti, ambayo IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeiweka kundi 2A, la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Iache ipoe polepole hadi joto la chumba, halafu nyuzi 4 usiku kucha, chupa imejazwa nitrojeni na kuzibwa. Chuja ikiwa bado baridi. Mchujo uongeze maji ya vuguvugu kiasi sawa, asidi kidogo hadi pH 4 au 5, vuta kwa heksani, suuza kwa maji mara kadhaa ili urea na kabameti ziondoke, kausha. Mililita 5 za akiba. Ndipo uvukize. Ukibaki na gramu 20 hadi 25, umefanya vizuri.

Kuna jambo lingine linalofungamana na hili. Urea huchagua kwa umbo. Fuwele zake hujenga mifereji ya kipenyo cha nanomita 0.55 hivi, mnyororo ulionyooka huingia, uliopinda hubaki kwenye mchujo. Peroksaidi nazo haziingii. Maana yake mafuta ghafi yakiwa yameanza kuharibika, uharibifu huo unaukoleza pamoja na DHA. Wala usidanganywe na kipimo cha peroksaidi peke yake. Hupanda, kisha hushuka peroksaidi zinapovunjika kuwa aldehaidi, na muuzaji atakuonyesha karatasi yenye namba ndogo na nzuri. Dai anisidini pia, kipimo cha hizo aldehaidi. Mipaka inayofuatwa kwenye biashara ya omega-3 ni peroksaidi 5, anisidini 20, na jumla (peroksaidi mara mbili ongeza anisidini) 26. Hiyo ni mipaka ya bidhaa iliyokamilika. Mafuta ya kuanzia yawe chini ya nusu yake.

Vyombo viwe kioo au chuma cha pua. Shaba na shaba nyeupe hapana, hata kiungio kimoja cha bomba; chembe za shaba au chuma kinachoshika kutu huvunja peroksaidi na kuzidisha moto wa mnyororo. Vitambaa ulivyopangusia mafuta hayo viloweke majini, usivirundike, vinaweza kujipasha na kuwaka vyenyewe. Heksani nayo haitaki moto wazi wala swichi inayotoa cheche.

Kabla hujagusa alkali, tuwekee hapa anisidini ya hayo mafuta uliyonunua. Ikiwa juu ya 10, usianze nayo.