Mashine Ijieleze kwa Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta na sasa ni mhadhiri msaidizi. Natamani kufanya uzamivu katika akili mnemba inayoweza kujieleza na inayomjali mtumiaji, lakini wenzangu idarani wanasema kuhoji watu ni kazi ya wanasosholojia, si yetu. Je, nikishika njia hiyo nitakuwa nimejiharibia?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hutakuwa umejiharibia, ingawa utachelewa kufika kuliko wenzako. Katikati ya miaka ya 1990 nchini Marekani, Rich Caruana na wenzake walifunza modeli kadhaa (programu zinazojifunza kutokana na data) zikadirie ni mgonjwa yupi wa nimonia aliye katika hatari ya kufa, ili wasio na hatari kubwa watibiwe bila kulazwa. Mtandao wa nyuroni, aina ya modeli ambayo ni vigumu kusoma ndani yake imefikiaje jibu, ulikadiria vizuri kuliko zote. Hata hivyo, modeli nyingine iliyofunzwa kwa data zilezile, ambayo kanuni zake zilisomeka, ilitoa jambo la ajabu: kwamba mwenye pumu ana hatari ndogo kuliko asiye nayo. Hesabu haikukosea. Wenye pumu walikuwa wakipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, wakahudumiwa kwa uangalifu mkubwa, na ndiyo maana walikufa wachache. Modeli iliona matokeo, haikuona jitihada za wauguzi. Mtandao wa nyuroni ukawekwa kando, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kujua umejifunza mambo mangapi mengine ya aina hiyo. Waulize wenzako ni nani angeitambua kasoro ile kama si mtu anayeijua wodi.

Fani yenyewe ilichelewa kuliona hili. Mwaka 2019 mtafiti wa akili mnemba Tim Miller, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Melbourne, aliandika kwamba kazi nyingi za fani hii zilitegemea hisia za watafiti wenyewe kuhusu maelezo mazuri, ilhali binadamu anapouliza "kwa nini" huwa analinganisha: kwa nini hili na si lile. Aliyenyimwa mkopo wa simu hana haja ya orodha ya vigezo 40 na uzito wa kila kimoja; anataka kujua kwa nini jirani yake kapewa, na yeye arekebishe nini kabla ya kuomba tena. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zote zinagusa maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake, kwa hiyo mada iko mlangoni kwako.

Gharama zipo. Kibali cha maadili, mahojiano na uchambuzi wake vinaweza kumeza mwaka mzima kabla hujachapisha chochote, na kamati za kupandisha vyeo (tusidanganyane) huhesabu makala. Kwa sababu hiyo usiiache hisabati, bali tafuta msimamizi wa pili kutoka saikolojia au afya ya jamii, na ufuatilie makala za mikutano ya kitaaluma ya CHI (kuhusu watu na kompyuta) na FAccT (kuhusu haki, uwajibikaji na uwazi wa mifumo ya kompyuta). Kabla ya kuomba nafasi, muulize msimamizi mtarajiwa kama yupo mwanafunzi wake aliyewahi kupima maelezo ya mashine kwa mtu asiyejua kuandika programu. Akisitasita, mimi ningetafuta mwingine.