Nyeusi Mbili Kwenye Buibui Moja

SWALI: Asalaam aleikum. Nimeshona buibui kwa vitambaa vya majora mawili. Dukani vyote vilikuwa vyeusi ti. Mteja alipotoka nayo juani, mikono ikaonekana ya kahawia. Kwani nyeusi si nyeusi tu?
Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga

JIBU: Waalaikum salaam, fundi. Nyeusi ziko nyingi. Kitu huwa cheusi kwa kumeza karibu mwanga wote unaokipiga, ila hakuna kitambaa kinachoumaliza. Rangi nyeusi ya kawaida ya kupaka hurudisha kama asilimia 5; mahameli nzuri hushuka chini ya asilimia 1. Bluu iliyoiva na damu ya mzee nazo hurudisha kidogo, lakini huchagua: moja hubakiza bluu, nyingine wekundu. Nyeusi safi haichagui. Kijivu cha makaa nacho hakichagui, kinarudisha zaidi tu.

Jora lako la pili limeponzwa na mchanganyiko. Nyeusi nyingi za poliesta hupatikana kwa kuchanganya rangi kadhaa, na mchanganyiko mwingine huuachia wekundu wa mwisho kabisa, ule ambao jicho huuona kwa shida. Taa za LED zina uchache wa wekundu huo, basi dukani hapakuwa na cha kurudishwa. Jua limejaa tele. Hata balbu ya zamani ya waya ingekufichulia.

Kabla ya kukata, toka na vitambaa mchana, usimame kivulini. Jua kali huipa satini mng'ao unaopoteza macho. Kunja kila kimoja mara nne, kwani kitambaa chepesi kikiwa tabaka moja hupitisha mwanga na kuonekana kimepauka. Vilaze kandokando juu ya karatasi nyeupe, nyuzi zikielekea upande mmoja. Kwa mahameli hili halina mjadala: ukitazama ncha za manyoya unaona giza, ukitazama ubavu wake unaona mng'ao, na mkono uliokatwa kichwa chini utaonekana wa jora jingine hata kama ni lilelile. Wala usilinganishe kikavu na kibichi. Maji hujaza nafasi kati ya nyuzi, mwanga ukaacha kutawanyika, na rangi yoyote ikakolea hadi ikauke.

Kuichovya upya? Usijisumbue. Rangi ya unga ya pamba haishiki poliesta, ambayo viwandani hupikwa kwa mgandamizo kwenye nyuzi joto 130 hivi. Hata pamba, kilo 1 inataka gramu 60 hadi 80 za rangi nyeusi, wakati rangi ya wastani hutosheka na 10 hadi 20. Ukibania unga unaambulia kijivu. Fumua mikono, ukate mingine kwenye jora la mwili. Likiwa limekwisha, pitisha utepe mpana wa nakshi juu ya mshono wa bega, nyeusi mbili zisigusane.

SWALI: Kitu gani cheusi kuliko vyote?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Kati ya vilivyotengenezwa, Vantablack ya Uingereza, iliyotangazwa 2014, humeza asilimia 99.965 ya mwanga. Mwaka 2019 wahandisi wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walitangaza yao ya asilimia 99.995. Zote ni mirija midogo mno ya kaboni iliyosimama wima kama msitu. Mwanga ukiingia hugonga huku na huku mpaka ugeuke joto. Usiulizie jora lake: ukiupitisha kidole tu, msitu unalala na weusi unaharibika.