Kusimamia maoni ukiwa nyumbani: kazi ipo, ada usilipe

Dada, umeuliza kama kazi ya kuchuja maoni mitandaoni ni ya kweli, na kama utoe shilingi 50,000 za "usajili". Kazi ipo. Hiyo hela usitoe. Mwajiri ndiye anayekulipa wewe.

Mimi niko Mukono, Uganda, nasimamia kurasa za Facebook za maduka mawili usiku watoto wakishalala. Nafuta matusi, naficha viungo vya matapeli, swali la bei nampelekea mwenye duka. Kiganda ndicho kilichonipa kazi: mtambo wa kuchuja maoni unalikamata tusi la Kiingereza, lakini la Kiganda, lugha yetu ya huku, lililofichwa kwenye mzaha linapita hivihivi. Usipokee nywila ya mtu. Akuongeze kama msimamizi wa ukurasa, siku mkiachana anakutoa bila ugomvi.

Ila piga hesabu ya bando kwanza. Tangu Julai 2021 data inatozwa kodi ya asilimia 12, na Facebook ilifungwa huku Januari mwaka huohuo, ndiyo maana wengi tunaiingia kwa VPN, programu ya kupita kizuizi hicho, nayo inakula bando. Mteja wangu wa kwanza sikumdai pesa ya data; mwezi ulipoisha nilibaki na hela ya rolex mbili tu, zile chapati za kuviringishia mayai. Anza na duka la mtu unayemfahamu.