Besiboli: apigaye kulia na kushoto, mbona upande mmoja unamwangusha?

SWALI: Nafuatilia besiboli ya Marekani. Kuna mchezaji anayebadilisha upande kulingana na mkono wa mrushaji. Msimu huu ana wastani wa .287 (mipigo salama kwa kila zamu) dhidi ya warushaji wa kulia, lakini dhidi ya mashoto ana .220 katika zamu 150. Si angebaki na upande mmoja? Msomaji, Arusha

JIBU: Takwimu ulizotaja zinafuata mkono wa mrushaji, na mpigaji wa aina hii husimama upande ulio kinyume na mkono huo. Kwa hiyo .220 ni wastani wake akisimama kulia, na huo ndio upande wa kuchunguza.

Zamu 150 kwa .220 ni mipigo salama 33. Mipira sita tu ingepenya katikati ya walinzi, angekuwa na .260 na usingeuliza. Hata mpigaji wa .250 kamili, kwa bahati tu, katika zamu 150 huangukia kati ya .215 na .285 mara mbili kati ya tatu. Tazama badala yake anatolewa kwa straiki tatu (mipira aliyoikosa au kuiacha ipite) mara ngapi, na anapewa besi (kituo) ya kwanza kwa mipira minne mibovu mara ngapi, kila upande peke yake. Hayo hayategemei mpira umeangukia wapi. Kutolewa kwa straiki kukiwa kumeongezeka sana upande wa kulia, tatizo ni la kweli.

Na chanzo chake kwa kawaida ni uhaba wa mechi. Takriban robo tatu ya zamu ni dhidi ya warushaji wa kulia, basi upande wake wa kulia unaweza kukaa siku kadhaa bila kuona mrushaji wa kweli. Mazoezi ya kocha kurusha polepole hayazibi pengo hilo.

Kubadilisha upande kunamwepusha na slaida (mpira unaopinda pembeni) inayomkimbia, lakini mashoto mjanja ana chenjiapu: mkono unazunguka kwa kasi ileile, mpira unakuja taratibu na kuelekea nje, chini. Anayewahi kufungua kiuno huupiga kwa ncha ya gongo, au hewa.

Kuacha upande mmoja kumewahi kulipa. Cedric Mullins, wakati huo wa Baltimore Orioles, mashoto wa asili, aliacha kupiga kulia kabla ya msimu wa 2021. Mwaka huo alipiga homrani (mipira iliyovuka uzio) 30 na kuiba besi (kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa) 30. Ila Chipper Jones, naye mpigaji wa pande mbili, alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa juu ya .300 pande zote mbili. Kwa msimu mmoja wa zamu 150, sisi tungesubiri. Akiamua kuacha, aanze kambi ya kabla ya msimu, kwani slaida ya mkono unaofanana na wake huenda hajaikabili tangu utotoni.

SWALI: Anaruhusiwa kuhama upande katikati ya zamu?

JIBU: Ndiyo, ila akihama mrushaji akiwa ameshakaa tayari kurusha, anatolewa. Na mrushaji wa mikono yote miwili, kama Pat Venditte, lazima aoneshe kwanza mkono atakaotumia. Kanuni hiyo ilikuja 2008, baada ya Venditte na mpigaji mmoja kubadilishana pande mara kadhaa bila mpira kurushwa.