Simulesheni ya dawa ya retina: kabla hujaiamini, shika kalamu kwanza

Nyie mnaoanza kazi hii sasa hivi, najua mmevutwa na zile picha za jicho la rangi rangi linalozunguka kwenye skrini, hata mi ndo zilinileta huku, ila wiki nyingi za mwanzo nilizipoteza kwa kitu cha kijinga kabisa, yuniti.

Iko hivi. Mtu mwenye kisukari retina, yani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikivimba, au mzee ambaye mishipa ya damu imeota chini ya retina pasipotakiwa, anachomwa sindano ya dawa ndani ya jicho, mfano ranibizumab ambayo Marekani iliidhinishwa 2006. Shida ni kwamba anachomwa tena na tena, wengine kila mwezi, na hakuna anayezoea sindano ya jicho. Kwahiyo swali letu sisi ni dawa inakaa mle ndani muda gani na tutaifanyaje ikae zaidi, na kwa sababu huwezi kumvuta mgonjwa ute wa jicho, ile jeli inayolijaza kwa ndani, kila siku ukapime, tunaiga kwenye kompyuta.

Basi nikachora jicho langu kwa milimita, nikaweka kasi ya dawa kusambaa kwenye ute kama nilivyoikuta imeandikwa, 0.000001, bila kuangalia kwamba ile ni sentimita za mraba kwa sekunde. Sentimita moja ya mraba ni milimita za mraba 100. Dawa yangu ikawa inatembea polepole mara 100 na programu haikulalamika hata kidogo, grafu ikatoka nzuri mpaka nikaiprinti. Msimamizi wangu akaitazama kidogo tu akaniuliza, "Sasa kama mwaka unaisha na zaidi ya nusu ya dawa bado imo, hao wagonjwa wanarudi kliniki kila mwezi kufanya nini?"

Hesabu ya kuniokoa ilikua ya dakika mbili. Chukua umbali, kama sentimita 1, uzidishe kwa wenyewe, ugawanye kwa kasi ya kusambaa, unapata sekunde milioni 1, yani kama siku 11 na nusu. Kompyuta ikikuletea siku kadhaa au wiki endelea, ikikuletea miaka au dakika simama hapohapo.

La sungura nalo lisikupite. Vipimo vingi utakavyovikuta vimetoka kwa sungura, na jicho lake lina ute kama mililita 1.5 wakati la mtu mzima ni kama 4. Kwa sungura dawa hii inapungua nusu kila siku 3 hivi, kwa binadamu ni kama wiki. Sasa piga: dozi ya miligramu 0.5 kwenye mililita 4 ni mikrogramu 125 kwa kila mililita. Kwa namba ya binadamu siku 28 zinakata nusu mara 4, zinabaki kama 8. Kwa namba ya sungura inakatwa nusu zaidi ya mara 9, inabaki kama 0.2. Tofauti ya mara 40 kwa kosa la kunakili tu! Usihamishe muda wa sungura, hamisha kasi ya kusambaa halafu ujenge upya jicho lenye ukubwa wa mtu.

Alafu ombeni mruhusiwe kuona sindano ikichomwa hata mara moja. Mi nilikua naweka dawa katikati ya jicho kama kijimpira kizuri cha duara, kumbe daktari anaingilia kwenye weupe, milimita 3.5 mpaka 4 kutoka ukingo wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na dawa inaanzia pembeni. Na ute wenyewe sio jeli moja safi kama tunavyoandika kwenye programu, uzeeni unayeyuka unakua na mifuko ya maji, na wagonjwa wetu wengi ndo hao wazee.

Mwisho kabla hujampelekea mtu yeyote chochote, jumlisha dawa iliyobaki jichoni na iliyokwisha kutoka, lazima irudi miligramu 0.5 uliyochoma. Mara ya kwanza mi nilipata 0.61, jicho langu lilikua linatengeneza dawa lenyewe.